Magunzi Katika Choo cha Gavamenti

Choo kikiziba mimi siwezi kukaa. Hata leo, kwa wanangu huko mjini, nikisikia maji yamevutwa na badala ya kushuka yanapanda, husimama hapo hapo, hata kama nina chakula mkononi. Wajukuu hunicheka. Wanasema nyanya anaogopa choo. Siogopi choo. Ninachoogopa ni ulimi wangu, lakini hilo siwezi kuwaeleza watoto wenye haraka, kwa hiyo wacha wacheke.

Niliolewa Malaba miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa karani pale mpakani, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini, na kwa ajili ya kazi hiyo tulipewa nyumba iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilikuwa nyumba ya mawe, mabati mekundu juu, na mwisho wa veranda ya nyuma, mlango ukitazama uani, palikuwa na choo cha kuvuta. Tangi lilikaa juu ukutani, mnyororo ukining'inia, na kwenye mnyororo kipini cha mbao kilicholainishwa na mikono ya watu nisiowajua. Wiki ya kwanza niliuvuta bila haja yoyote, nione tu maji yanakwenda wapi.

Sheria za choo hicho nilisomewa siku niliyoingia. Mume wangu alisimama mlangoni, mikono nyuma, vile alivyosimama mbele ya malori. "Hapa si kwenu na si kwetu," alisema. "Hakuna majani, hakuna magunzi. Ni karatasi tu. Hii ni nyumba ya gavamenti." Karatasi yenyewe ilikuwa gazeti alilokuja nalo kutoka ofisini. Kila Jumamosi nililikata vipande, nikavitoboa kwa sindano ya gunia, nikavitundika kwenye msumari. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba na nilijiona mtu wa kisasa kabisa. Nilikata karatasi zile kwa majivuno.

Ndipo mvua ikaja. Mwaka ule Nzoia, mto wa kwetu, ilipanda ikakataa kushuka, na nyumba ya mama yangu kule Budalang'i ikaingia maji hadi dirishani. Baba alikuwa amekwisha kufa. Ndugu zangu walitawanyika na watoto wao, kila mmoja kwa wakwe zake au kwenye tuta la kuzuia mto, na mama akafika Malaba nyuma ya lori la mkaa, amelowa, ana mkeka, sufuria moja, na kuku mweusi amefungwa mguu. Vitu vingine vyote vilikwenda na maji. Yule kuku alilala naye juu ya mti siku mbili.

Nilifurahi kumwona hadi nikalia, halafu nikaanza kuhangaika. Kwa watu wetu, mama hakai kwa mkwe wake. Halali chini ya paa analolala mkwe, hawatazamani usoni, wakiongea ni kupitia ukutani, na choo kimoja hawakitumii kamwe. Hilo la choo ndilo kubwa kuliko yote. Kulala kulikuwa rahisi: nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba alichokaa mpishi wa yule Mzungu, tukampa mama. Lakini choo cha shimo cha mpishi kilikuwa kimebomoka kwa mvua hiyo hiyo. Kuta zilianguka ndani, na pembeni udongo ulikuwa ukiendelea kumeguka.

"Utaingia hiki cha ndani," nilimwambia. "Ni cha maji, mama, kila kitu kinaondoka. Hakibaki kitu cha mtu."

"Kikiondoka kinaenda wapi?"

"Kwenye shimo, huko chini."

"Basi huko chini tutakutana na mkwe wangu," alisema, akajifunga leso. "Sitaki."

Alikuwa akivuka reli kabla hakujakucha, anaingia vichakani upande wa pili, mvua inamnyeshea. Wiki ya pili alianza kukohoa. Nilikuwa nikimsikia kutoka kitandani, kikohozi kinapita uani, kinaenda mbali, kinarudi. Nilikuwa namngoja arudi ndipo nifumbe macho. Siku moja nilimwomba: "Toa kuku basi, mambo yaishe." Maana desturi yenyewe ina mlango wake. Mmoja akimkosea mwenzake, mkosaji hutoa kuku, mwingine akimla aibu imeisha, na kuanzia hapo wanaweza kupita popote bila kufichana.

"Kuku hutolewa kwa kosa," mama alinijibu. "Mimi nimemkosea nini? Nikiamka tu nimpe mkwe kuku bila sababu, watu watasema mafuriko yameninyang'anya na akili."

Ikawa hivyo. Mama anakohoa, mume wangu anaingia na kutoka kwa mlango wa mbele kama mpangaji ili asimkute uani, na mimi katikati nikibeba salamu. Nilikonda. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mume wangu alivuta mnyororo asubuhi akitaka kwenda kazini, nikasikia maji yakipanda, halafu kimya, halafu sauti ya viatu vyake vikirudi nyuma haraka. Alitoka akizivuta soksi zake juu zisilowe.

"Choo kimeziba," alisema.

"Kimezibwa na nini?"

Alitazama upande wa chumba cha mpishi, akatazama chini. Hakusema kwa ubaya, nakiri. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Mweleze mama yako kuna karatasi. Si kosa lake, hajazoea. Nikirudi saa saba kama bado, nitaleta fundi wa serikali afungue."

Akaenda. Fundi wa serikali nilimjua, na kila mtu wa Malaba alimjua. Kazi yake ilikuwa ya asubuhi na maneno yake yalikuwa ya jioni, pale kwenye kilabu cha pombe ya busaa, mbele ya madereva wa malori na mataniboi wao. Akitoa kitu chochote cha mama yangu kwenye choo cha mkwe wake, kabla jua halijatua ingejulikana Malaba, na kesho yake Busia, na keshokutwa lori lingeifikisha Budalang'i. Mama asingekaa siku moja zaidi. Angerudi kwenye maji na kile kikohozi. Nilikuwa na saa tano.

Nilianza na debe la maji, nikalimwaga kutoka juu kwa nguvu kama nilivyoona mume wangu akifanya mara moja. Sinki lilijaa hadi ukingoni, likatetemeka, likakaa. Nikangoja. Siwezi kungoja mimi. Nikachukua fimbo ya ufagio, nikaifunga kitambaa mwishoni, nikasukuma juu chini, juu chini, maji yakinirukia. Hakuna. Nikautoa mwiko wa zamani wa ugali, ule uliopasuka. Mungu anisamehe, nilijaribu na mwiko. Ukavunjika.

Katikati ya hayo akaja mama mmoja wa upande wa Uganda, yule aliyeniuzia ndizi kila Alhamisi, akapitia nyuma kama kawaida na kikapu kichwani. "Nyabo! Leo hutaki matoke?" Niliruka nikaufunga mlango wa choo kwa mgongo, mikono imefichwa nyuma. "Leo hapana, mama." "Unanuka nini?" "Nafua." Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Eee, haya," akaondoka polepole kuliko alivyokuja. Nilitamani kumrushia fimbo.

Nikakata waya wa kuanikia nguo. Nguo zikaanguka matopeni, nikaziacha. Waya nikaukunja ncha ndoana, kama ile ya kaka zangu ya kuvulia kambare, nikauingiza kwenye shingo ya choo, nikazungusha. Ukanasa. Nikavuta, ukatoka mtupu. Nikazungusha tena. Safari hii kilikuja kitu, kikaibuka kwenye maji, kimevimba, cheusi kidogo.

Gunzi la mahindi.

Nililitazama. Wiki mbili nambembeleza aingie, anakataa, ananiambia habari za kukutana chini, kumbe anaingia kimyakimya! Na anaingia na gunzi! Sikunawa. Nilivuka ua na lile gunzi kwenye ndoana, nikafika mlangoni kwa mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamchambulia kuku mchwa.

"Mama, kama ulitaka kuingia choo cha ndani, ungeniambia nikuonyeshe," nilisema. "Si kuniingilia kama mwizi. Tazama. Umekiziba choo cha mkweo kwa magunzi. Saa saba fundi anakuja. Umeniaibisha mbele ya mume wangu, na sijui kama utakuwa umeridhika."

Mambo hayo nilimwambia mama yangu mzazi. Nimezaa watoto sita, na siku nyingine mmoja wao akinipandishia sauti husema moyoni, hilo ni lile neno lako, linarudi.

Mama alimsogeza kuku kando. Aliweka mchwa chini. Alianza kuukunja mkeka. Aliukunja vizuri, kuanzia upande wa kichwa, akatia leso yake ya pili ndani ya sufuria.

"Unafanya nini?"

"Naenda kwangu."

"Kwako ni maji."

"Maji nayajua," alisema. "Maji hayajawahi kuniita mwizi."

Hapo nilitaka kumzuia. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na mimi bado nilikuwa na hasira, hivyo niligeuka nikarudi chooni kama mwendawazimu, nikaendelea kuzungusha waya. Likatoka la pili. La tatu lilikuwa limekwama kwa upana, waya haulishiki. Nikajipaka mafuta ya kupikia hadi begani, nikafumba macho, nikatia mkono. Nilikuwa nalia kwa sauti. Nilipolishika nikasikia mtu nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama uani, nje ya mlango, mzigo kichwani na kuku kwapani. Hakukanyaga veranda.

"Yako mangapi?" aliuliza.

"Hili la tatu."

"Lete nione."

Nilimtupia uani. Aliinama na mzigo wake hivyo hivyo, akaligeuza kwa kijiti. Lilikuwa limevunjwa katikati, ncha zimesuguliwa zikalainika.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulikulia wapi?"

Sikuelewa.

"Nauliza. Choo changu ulikijua tangu ukiwa mtoto. Uliwahi kuona gunzi ndani yake?"

Nikafikiri. Nikaona kopo la bati lenye mpini wa waya, likikaa mlangoni mwa choo chetu, limejaa maji ya mto. Kila mtu kwetu alikuwa na kopo. Watoto tulichapwa kwa kuliacha tupu. Sisi tulikuwa watu wa ukingoni, maji yako mlangoni, nani angejikwaruza kwa gunzi? Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ya mawe mwaka mmoja tu, na nimesahau mama yangu anavyonawa.

Magunzi yalikuwa ya Matayos, kijijini kwa mume wangu. Mama mkwe wangu alitutumia magunia ya mahindi kutoka huko, mimi nayapukuchua, magunzi natia kwenye gunia kando ya jiko la nje kwa kuwashia moto. Na huko Matayos, kwenye choo chao cha shimo, palikuwa na ungo wa magunzi pembeni, yamevunjwa katikati na kusuguliwa yenyewe kwa yenyewe. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu siku za arusi.

Nikainua macho kwenye msumari. Jumamosi iliyopita gazeti lilikuwa la sherehe, picha tupu kutoka mwanzo hadi mwisho: waziri anakata utepe, waziri anapanda mti, waziri anashikana mkono na waziri. Nililikata hivyo hivyo. Na rundo lilikuwa limepungua kwa vipande vyangu mimi tu. Sasa nikakumbuka zaidi. Kila wiki vilivyobaki msumarini vilikuwa vyenye nyuso. Vya bei ya pamba na vya sabuni vilikwisha mapema. Mume wangu, mtumishi wa serikali, hakuthubutu kujipangusa kwa uso wa mkubwa wake. Aliona heri gunzi, na akaamini maji ya gavamenti yanabeba chochote.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mkono ukiwa bado ndani, kisha kicheko kikageuka kilio tena.

"Mama, ni yeye. Ni mume wangu. Nitamwambia akija. Nitamwekea yote matatu mezani, kwenye sahani!"

"Nyamaza!" Sijawahi kumsikia akifoka vile. "Mkwe wangu hana makalio mbele yangu. Sijasikia, na wewe hujaona. Vuta hiyo kamba yako tuone kama kumefunguka."

Nikavuta. Maji yalipanda kidogo, yakafikiri, yakashuka yote kwa mngurumo.

Mama alichimba shimo kwa jembe chini ya mgomba, akayafukia magunzi matatu, akakanyaga udongo. Halafu akabaki amesimama hapo muda, anamtazama kuku.

"Kosa nililokuwa nalitafuta nimelipata," alisema. "Umenipa wewe mwenyewe."

Saa saba mume wangu alikuja, akanawa, akaketi mezani. Choo kilikuwa safi, mimi nimeoga mara mbili. Kabla hajamega ugali, tukasikia mtu anakohoa nje ya ukuta wa jikoni, karibu na dirisha. Mama alikuwa amesimama hapo, leso imefunika kichwa, uso ameupa shamba la jirani.

"Baba," aliita, "ni mimi mama yenu. Niko na neno."

Mume wangu alisimama haraka, akaupa ukuta mgongo kama inavyotakiwa. "Nasikia, mama."

"Nimekosa. Niliingia mahali penu nikatia kitu kisichofaa kutiwa. Ilikuwa magunzi. Matatu. Nisamehe, mimi ni mtu wa kijijini, sijui vitu vya gavamenti. Nimeleta kuku."

Nilimtazama mume wangu. Alipokuwa akisikia "nimekosa" alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, mkubwa anayejiandaa kusamehe. Aliposikia "magunzi" kichwa kilisimama. Aliposikia "matatu" aliangalia mlango wa nyuma, akanitazama mimi, na mimi sikuangalia pembeni. Alikuwa mtu mweusi, lakini naapa nilimwona akibadilika rangi. Nilingoja aseme. Nilimngoja kwa moyo wote, kwa sababu kama angesema wakati ule ningempenda maisha yangu yote bila kusita.

"Hakuna neno, mama," alisema. "Yameisha."

Na mimi pia nilinyamaza. Naliandika hili ili lisimkalie yeye peke yake.

Jioni mume wangu alimchinja kuku mwenyewe, nyuma ya nyumba, kama desturi. Yule kuku wa siku mbili juu ya mti. Nilimpika, nikampakulia mume wangu, na juu ya sahani nikaweka firigisi, maana firigisi ni ya mwenye nyumba. Siku hizo wanawake wa rika la mama hawakula kuku kabisa. Yeye alikuwa chumbani kwake anakula mboga za mtoo.

Mume wangu aliitazama ile firigisi muda mrefu. Aliisukuma na kidole. Kisha akaichukua, akaiweka kwenye kisahani cha chai, akanipa.

"Mpelekee mama," alisema.

"Mama hali kuku."

"Najua. Mpelekee."

Nikavuka ua. Mama alikiona kisahani kwenye mwanga wa taa ya chemni, akaniuliza nani ametuma, nikamwambia. Alijifunika mdomo kwa leso. Mabega yakatikisika, nikadhani ni kikohozi, kumbe anacheka.

"Basi ana haya," alisema. "Ni mtu mzuri. Mrudishie, mwambie kuku amekwisha kuliwa na maneno yamekwisha."

Nilirudi, na mume wangu naye akakataa. Hakuweza kuitia mdomoni. Nikabaki na kisahani jikoni. Sijui nani alistahili kuila. Nilikumbuka nilivyosimama asubuhi na gunzi kwenye ndoana, nikaila mimi, nimesimama, peke yangu, na ilikuwa ngumu kumeza. Kuanzia Jumamosi hiyo nilikata kurasa za bei ya pamba tu.

Asubuhi yake, kabla hakujakucha, nilisikia kikohozi kinatoka chumba cha mpishi. Nikaketi kitandani. Nilikisubiri kielekee relini. Kilivuka ua, kikasita, kikapanda veranda. Mlango ulilia. Baada ya muda tukasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye kopo, kidogo kidogo, halafu mnyororo ukavutwa, mara moja, kwa woga.

Nilijua mume wangu yuko macho kwa jinsi alivyokuwa hapumui. Tulisikiliza sote wawili mpaka maji yakashuka.

"Yameshuka," alisema gizani, akanitafuta mkono.

Mama alikaa kwetu mpaka Nzoia iliporudi kitandani mwake.